Filamu ya Mama Anayerudi

Banda la video la Kaisho lilinuka kahawa. Zamani lilikuwa stoo ya kahawa ya maganda, na hata mwenye banda, Mzee Nassoro, alipoleta televisheni, spika na mabenchi, harufu ile haikutoka. Ukirudi nyumbani nguo zako zinakuchongea. Mimi nilichongewa sana, maana mwaka ule wa kidato cha kwanza sikuwa na pengine pa kwenda. Mama alikuwa ameondoka na basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaniacha kwa mama yake mzazi, kwenye kibanja chetu cha migomba, akisema akijipanga kidogo atakuja kunichukua. Nyumba ya watu wawili, mmoja mzee analala mapema kama kuku! Jioni zilikuwa ndefu, jamani. Bibi akitoka gulioni huniambia, "Mama yako anakusalimu, nimeongea naye kwa simu ya watu." Nikimuuliza anakuja lini, husema karibu tu, huku akimenya ndizi.

Filamu za pale zilikuwa za nje, zimetiwa sauti ya mtafsiri, kijana wa mjini tusiyewahi kumwona, anayeongea juu ya waigizaji, akiwatania na kuwapa majina ya Juma na Mwajuma. Wengi wetu nyumbani tulisema Kinyambo, Kiswahili tulikijulia shule, na Kiingereza ndiyo usiseme. Kwa hiyo alichosema yule ndicho kilichotokea. Kulikuwa na filamu ya binti aliyekuwa akienda stesheni ya treni kumngoja mama yake. Mwishoni anashuka mwanamke mwenye begi jekundu, na mtafsiri akapaza sauti: "Huyo hapo! Mama mtu karudi, bwana!" Banda zima likapiga makofi. Mimi nililia mpaka Mzee Nassoro akaniuliza kama naumwa.

Mzee huyo, ambaye babu yake alitoka Tanga na biashara zake, alikuwa na simu ya kisasa, na aliniazima mchana kwa sababu alipenda nimsomee Kiingereza kwa sauti, asielewe kitu, atikise kichwa tu kama anasikiliza habari. Humo nikakuta ukurasa ambapo wanaojifunza Kiingereza huandika, na wenye lugha huwasahihisha. Nikaandika kuwasihi watu waitazame filamu ile, kwa sababu mama anarudi. Mama mmoja wa Kanada akanisahihisha mstari kwa mstari: neno langu kalikata kwa rangi nyekundu, la kwake kaliweka pembeni, na maelezo ya upole juu. Utadhani niliona aibu. Wapi! Nilifurahi kupita kiasi. Siku nzima inapita hakuna anayeniuliza nimeshindaje, na huku mtu wa mbali kasimama kwenye kila neno langu. Lakini chini kabisa aliongeza kwamba naye aliitazama filamu hiyo, na pengine nimeichanganya na nyingine. Mama harudi. Mwenye begi ni mdogo wake, amekuja kumchukua mtoto kwa sababu hakuna wa kungojwa tena.

Nilikasirika mno. Nikamwambia Mzee Nassoro kwamba mzungu huyu ni mwongo. Akajikuna ndevu. "Mjukuu wangu," akasema, "yule mtafsiri naye Kiingereza anakishika nusunusu. Pakimshinda anatia chumvi. Na watu wanapenda mama arudi." Nikaondoka mbio hadi nyumbani, nikamkuta Bibi uani anachambua maharage, hata shikamoo sikumpa.

"Bibi, juzi mama alisema nini?"

Aliendelea kuchambua. Halafu mikono ikasimama. "Simu yake haipatikani tangu msimu wa kahawa uliopita, mwanangu. Zile salamu zilikuwa zangu."

Nilivuta kigoda, nikakaa karibu naye, tukachambua maharage mpaka kiza kikatuzuia. Kesho yake niliandika upya yale maneno yangu, nikakubali masahihisho yote ya yule mama wa Kanada, kasoro moja: mwisho niliuacha vilevile, mama anarudi. Hakuniandikia tena.

Leo nafundisha Kiingereza sekondari moja huku Karagwe. Wanafunzi wangu wana filamu viganjani, kila mmoja anatazama ya kwake peke yake, na lile banda sasa linauza mabati na misumari. Bibi tulimzika kibanjani. Mama hajarudi. Filamu ile niliitafuta, nikaitazama bila mtafsiri, nikaelewa kila neno, na kwa kweli sikufurahi. Majuzi nikaufungua tena ule ukurasa. Chini ya maandishi yangu kulikuwa na ujumbe wa mtu wa Brazili anayejifunza Kiingereza, umejaa makosa kama yangu ya zamani. Anasema ameitazama kwa sababu yangu, amemsubiri yule mama hadi majina yakapita yote, hakuja. Je, iko nyingine ambayo anarudi? Tafadhali nimwambie inapatikana wapi.

Nikamsahihishia sentensi zake, moja baada ya nyingine, kwa upole niliowahi kutendewa. Chini nikamwandikia, kwa Kiingereza kisicho na kosa, kwamba haipo.