Herufi ya Tano

Abiria wote wanatangaziwa kwamba jina lililo kwenye tiketi na kwenye kadi ya kupandia ndege sharti lifanane na jina lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, bila kuongeza, kupunguza wala kubadilisha. Asiyetimiza sharti hili hatasafiri. Tangazo hilo lilibandikwa kwenye kioo cha wakala wa tiketi, ghorofa ya kwanza, katikati ya Dar es Salaam, na chini yake palikuwa na mhuri, mtu asije akadhani ni maoni.

Mama Lusia alilisoma mara tatu. Hakuwa na kingine cha kusoma, na miguu ilikuwa imemvimba kwa basi la kutoka Katoro. Jijini alikuwa wa kupita tu: kushuka asubuhi, kuchukua tiketi, kupanda ndege saa kumi na moja jioni kwenda India. Huko, kaka yake Abel, dereva wa malori pale Isaka, alikuwa amelazwa akisubiri figo. Walipima ndugu sita. Kipimo kikamchagua yeye, anayewapikia ugali wachimbaji kando ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ambaye tangu azaliwe hajachaguliwa hata kwenye kamati ya harusi. Upasuaji ulikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Jumamosi, na ofisi ilifungwa saa saba mchana.

Nyuma ya meza alikaa dada mmoja mpole aitwaye Martina. Alitazama pasipoti, akatazama kompyuta, akatazama tena pasipoti.

"Mama, jina lako unaliandikaje?"

"Eufulasia."

"Nauliza, ni kwa L au kwa R?"

"Wewe umesikia ipi?"

Martina alijaribu kulisikia upya kichwani. Haikumsaidia.

Pasipoti ilisema Euphlasia Ng'wanamakoye. Ilifuata cheti cha kuzaliwa, na cheti kilimfuata baba yake, ambaye karani alipomuuliza kama jina la mtoto ni la L au la R, akiwa na ng'ombe wanaosubiri maji, alijibu aweke yoyote iliyo karibu. Kwao herufi hizo mbili hazijawahi kugombana. Tiketi, kwa upande wake, ilisema Euphrasia, kwa sababu aliyeikata ni Mwalimu Magesa wa Shinyanga, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na rafiki wa Abel. Mwalimu Magesa alitumiwa nakala ya pasipoti, akaona kosa. Hajawahi kuona kosa akalipita.

"Aliyekata tiketi atume barua pepe aseme alikosea," alisema Martina. "Mimi nabadilisha hapa hapa. Ila leo hii, mama. Ndege nyingine yenye nafasi ni Alhamisi."

Mama Lusia akapiga simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umefika? Bahari umeiona?"

"Jina langu uliliandika kwa R."

"Naam!" Sauti ilijaa furaha ya mtu anayesubiri kushukuriwa. "Pasipoti yako ilikuwa na kosa. Nimelirekebisha."

"Sasa sisafiri."

"Husafiri kwa sababu jina ni sahihi?"

"Wanataka uandike kwamba ulikosea."

"Mimi nikosee R na L? Miaka thelathini na moja, mayu, nimewachapa watoto wa Shinyanga kwa herufi hizo mbili! Haya, nitaandika. Lakini nitaandika ukweli."

Ukweli ulifika saa tano na nusu, aya nne, ukianza na asili ya jina hilo katika Kigiriki. Martina aliusoma hadi mwisho, kwa adabu.

"Mama, huyu hajakiri kitu. Anasema pasipoti ndiyo yenye kosa. Nikiituma hii, shirika la ndege litaizuia na pasipoti."

Mama Lusia alirudi kwenye benchi. Simu ya Mwalimu sasa ilikuwa inaita bila kupokewa. Jumamosi anaimbisha kwaya. Martina alimwambia akapunge upepo kidogo, bahari ipo hapo mbele tu. Hakwenda. Aliogopa kwamba akiinuka, benchi litamsahau kama kila mtu mwingine. Bahari aliiona dirishani, kati ya maghorofa mawili, ina upana wa kanga iliyokunjwa. Aliitazama kidogo, akaona inatosha, akapiga tena. Akapiga tena.

Saa saba kasoro robo Mwalimu alipokea.

"Mayu, hukuipata barua?"

"Nimeipata. Ni nzuri. Andika nyingine mbaya."

"Unataka nijidhalilishe kwa maandishi."

"Mwalimu." Hakuwa na nguvu za kupandisha sauti. "Abel anasafishwa damu na mashine. Akipona, atakuja mwenyewe kukwambia kwamba ulikuwa sahihi. Atasema mbele ya watu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya kwaya."

Alimsikia akivuta pumzi. "Haya. Naandika. Ila loho inaniuma."

Alikusudia roho. Mama Lusia hakumsahihisha.

Barua ya pili iliingia zikiwa zimebaki dakika sita. Ilisema: *Nimekosea. Ni L.* Chini palikuwa na jina lake, bila "Mwalimu" mbele. Martina alibonyeza, akachapa tiketi mpya, akaweka kidole kwenye herufi ya tano ili mama aione mwenyewe.

"Haya, mama. Sasa umefanana."

Uwanja wa ndege alifika mapema mno, tiketi ikiwa ndani ya pasipoti na pasipoti ikiwa ndani ya blauzi. Kaunta ilipofunguliwa, mhudumu alipima mkoba wake, akauliza kama amebeba kitu chenye ncha, akampa kadi ya kupandia. Mama Lusia akaiinua karibu na macho, kuitafuta L yake.

Kadi ilisema NGWANAMAKOYE/EUPH.

"Nafasi ni ya herufi kumi na sita tu," alisema mhudumu. "Huwa zinakatika. Geti la tano, mama."