Swali la Mama Kuhusu Uga Chanzo

Habari ya msiba ilinikuta sokoni Kwa Sadala, nikichagua ndizi za supu ya mtori. Jirani yangu wa mtaa wa Rau, mwanafizikia wa nadharia, amefariki, na mazishi ni kijijini kwao, Mkuu. Niliziacha ndizi nikaondoka. Wasomaji wangu mnivumilie leo nikimzungumzia mtu ambaye wengi wenu hamkumfahamu.

Alikuwa mtafiti katika chuo kikuu cha ng'ambo. Mama yake alipopooza alirudi, akamhamishia Rau kwa ajili ya matibabu, akaendelea na hesabu zake kwenye meza ya chakula. Jioni moja nilimkuta akimlisha mama. Baada ya shikamoo nilimuuliza kazi yake hasa ni ipi.

"Ulimwengu umejaa uga, kaka, kama ule wa sumaku, na hauonekani," alisema. "Basi kwenye milinganyo tunaongeza uga chanzo. Tunausukuma uga hapa, tunatazama unavyoitika kule. Mwitikio huo unatueleza chembe zinavyosafiri na kugongana. Tukimaliza, chanzo tunakifanya sifuri."

Mama yake, ambaye maneno yalimtoka kwa shida, akauliza, "Sasa mlikiweka cha nini?"

"Cha kuulizia, mama. Bila hicho uga haukwambii kitu."

"Na ukishaambiwa, hapa unaye wa kumsimulia?"

Alimfuta mama mdomo, akageukia dirishani.

Mama alipofariki, chuo kile kilimwita tena. Alikataa. Aliomba darasa katika sekondari ya jirani, akawa anafundisha fizikia hiyo kila Jumamosi kwa yeyote anayetaka. Watu walimuuliza inaleta faida gani. Hatuna ubaya, sisi wa mlimani tumezoea kazi inayoonekana: kahawa, ng'ombe wa maziwa, wageni wa kupandishwa kileleni. Mawazo hatujui kuyatembelea. Lakini walimu wachache walikuja wakabaki, na nikipita nje nilimsikia akicheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwake.

Kule Mkuu, baada ya kaburi kufukiwa, mwalimu mmoja kijana alisema kwa sauti ndogo, "Kuna hesabu alituachia katikati. Tunakutana Jumamosi." Nilitamani mno awepo asikie. Anayejua jambo la mbali akirudi nyumbani, tumpokee pamoja na jambo lake. Hata tusipolielewa, tumpe kiti, tukae, asimulie.