Mgeni wa Makao Nilimpeleka Harusini

Nakubali, kosa ni langu. Si la mgeni, si la shetani, ni langu mimi na tumbo langu. Nimelificha tangu enzi za suruali za miguu mipana kama kengele, na leo nalitoa, mnihukumu mkitaka.

Baba alikuwa karani wa reli, na tulikuwa tumehamia mtaa mpya wa Buruburu, nyumba bado inanuka rangi. Kanisa letu likaleta msichana kutoka Uswidi, jina lake Karin, miaka kumi na minane kama mimi, akae kwetu miezi minne. Mpango ulikuwa yeye aje huku ajitolee, kisha mimi niende kwao mwaka mzima. Mimi! Baba alikuwa ameshaninunulia koti la baridi soko la mitumba la Gikomba, zito, la kufika vifundoni. Alilitundika sebuleni kila anayeingia alione.

Kazi yangu ilikuwa moja tu. Kila Jumamosi nimpeleke Karin kwenye makao ya watoto yatima karibu na Majengo, kwa Mama Njoki mlezi wao, tufue nguo na kuwasomea watoto hadithi. Tulienda mara moja. Jamani, nepi! Karai baada ya karai. Karin alifua huku anaimba. Mimi mikono ilichubuka, nikaapa moyoni kwamba huku sirudi.

Jumamosi ya pili tulikuwa tunapita Kariokor kwa miguu, tukakuta harusi kwenye holi. Hatukualikwa na mtu. Lakini mnawajua watu wetu wakimwona mgeni wa mbali. Mama mmoja wa mapokezi alimwona Karin hapo mlangoni, akamshika mkono, na kufumba na kufumbua tuko mbele kabisa kando ya maharusi, mashangazi wenyewe wa bibi harusi wamehamishwa nyuma. Pilau, kuku, chapati, soda mbilimbili! Kisha Karin akaambiwa asalimie watu. Akasimama, uso mwekundu, akasema kwa Kiingereza kwamba amefurahi. Nikatafsiri. Vigelegele vikapigwa holi zima.

Hapo ndipo nilipoharibika.

Jumamosi iliyofuata nilivaa gauni langu la Krismasi. Maskini Karin alikuwa amevaa aproni ya kufulia. Tulipoketishwa mbele kwenye harusi nyingine ya watu tusiowajua hata kwa jina, akaniuliza kazi inaanza saa ngapi. Nikamwambia bila kupepesa macho, "Kazi ndiyo hii sasa, kwa Mama Njoki kuna wa kufua. Huku kwetu mgeni wa mbali akikaa mbele, sherehe inapata heshima. Unawasaidia sana."

Akaniamini! Akatoa daftari, akaandika.

Na yule msichana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Alikataa kuondoka kabla ya keki kukatwa, eti zamu haijaisha. Alijifunza kusalimia kwa Kikuyu, Kiluhya na Kijaluo. Siku moja aliombwa awape maharusi mawaidha ya ndoa, kigoli kama yule, naye akamwambia bwana harusi awe anaosha sufuria. Akina mama walishangilia mpaka mchungaji akaomba utulivu. Habari zikaenea. Watu wakawa wananivizia dukani kuniuliza kama Karin ana nafasi Jumamosi, nami nawajibu kwa maringo kwamba nitaangalia. Hata matanga tulienda, mara mbili. Karin aliwalilia marehemu kuliko wajukuu wao wenyewe.

Jioni baba akituuliza kazi imeendaje, Karin anajibu, tumbo limejaa pilau, kwamba inachosha lakini inaridhisha. Baba anakubali kwa kichwa, amefurahi. Mimi naliangalia koti.

Siku ya kumuaga ikafika. Kamati yote ya kanisa imekaa, baba yuko mstari wa kwanza na tai yake. Karin akasimama na daftari lake, akasoma kwa Kiswahili alichokiokota kwenye harusi hizo hizo.

"Nimejitolea katika harusi kumi na moja, matanga mawili na ubatizo mmoja wa mapacha. Siku ngumu kabisa ilikuwa ile ya keki tatu."

Watu walicheka. Walidhani ni utani. Baba naye alicheka, tena akanigeukia tucheke pamoja. Sikuweza.

Kisha Mama Njoki akasimama kule nyuma. Hakupandisha sauti. "Watoto walikuwa wanakungoja," alimwambia Karin. "Kila Jumamosi tuliwavisha viatu. Ulipokosa kuja nilidhani kwetu kumekushinda, nikaona aibu kuuliza."

Karin alinigeukia, akafunga daftari. Siku tatu zilizobaki kabla ya safari alizimalizia kwa Mama Njoki, anafua tangu asubuhi. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Nafasi yangu ya Uswidi akapewa msichana mwingine wa kwaya. Na lile koti? Baba alilivaa mwenyewe kwenda kazini! Februari, jua la utosi, jasho linamtiririka. Majirani wakimuuliza kama ana homa, anawaambia analitumia tu lisiliwe na nondo. Wiki mbili nzima! Afadhali angenichapa.

Jumamosi moja nikajikaza, nikaenda Majengo peke yangu. Watoto waliponiona wakakimbilia viatu. Kumbe miezi yote ile walikuwa na wimbo waliomwandalia Karin, na zile siku tatu alizofua alikuwa anaondoka kabla hawajatoka shule, hawakupata kuuimba. Kiti kikawekwa mbele, kikatandikwa kitambaa cheupe. Wakanishika mikono, wakaniketisha. Wakaimba kwa nguvu zao zote, karibu mgeni wetu, umevuka bahari kuja kutuona. Mimi wa Buruburu, niliyekuja kwa miguu! Nilimtazama Mama Njoki aniokoe. Aliniacha nikae pale mpaka ubeti wa mwisho, kisha akaniletea karai.

Nililia ndani ya yale maji ya sabuni, wala sioni haya kusema.

Basi ninyi vijana mnaosoma hapa, mkikabidhiwa mgeni, mpelekeni alikotumwa. Kuna watu wamevaa viatu wanamngoja.