Pete ya Njano na Treni Mbili

Nikiri jambo moja kabla hujalisema wewe: siku ile sikuwa nimelala kwa usiku mbili. Ukitaka kusema niliota, haya, mlango nimekufungulia mwenyewe. Lakini Okello, mlinzi wa duka, hakuwa na msiba. Okello alikuwa amelala vizuri usiku, ameshiba, na Okello aliona. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa nauza treni Dubai. Treni za watoto, usinifikirie makubwa. Duka la vitu vya kuchezea, ghorofa ya pili, na kona yangu ilikuwa ile ya seti za kuanzia: kichwa kimoja, mabehewa matatu, reli za plastiki za kuunganisha, na rimoti yenye vifungo vikubwa ili mtoto wa miaka mitano asikosee. Ilikuwa miaka ile ambayo reli mpya ya kwetu Kenya ndiyo kwanza inachimbwa. Baba yangu aliichukia reli hiyo kabla haijafika. Alikuwa mtu wa reli ya zamani.

Lazima nikueleze kazi yake, la sivyo hutaelewa kilichotokea. Baba alifanya kazi kwenye stesheni ndogo kati ya Voi na Mtito Andei. Reli ilikuwa moja tu, ya kwenda na kurudi. Sasa treni mbili zinazuiwaje kukutana uso kwa uso? Kwa tokeni. Ni kipande cha chuma ndani ya mfuko wa ngozi, na mfuko umefungwa kwenye pete kubwa ya waya. Dereva asiyekuwa nayo haingii kwenye njia, hata kama amebeba waziri. Akiichukua, hakuna mwingine wa kumfuata mpaka afike stesheni ya mbele na kuikabidhi. Treni isiyosimama, Baba aliingojea kando ya reli, akarushiwa pete moja na kutoa nyingine, mbio mbio, upepo ukimvua kofia. Aliidaka kwa mkono wa kushoto, ameukunja kama ndoano. Ndani ya kiwiko alikuwa na alama nyeusi ya upinde isiyotoka kwa sabuni.

Jumatatu ya wiki hiyo kaka yangu Mwakio alinipigia simu. Baba amelala, hakuamka.

"Tunazika Jumamosi," alisema. "Mama anasema kaburi halisawazishwi mpaka kitinda mimba atie udongo. Utakuja?"

Nikasema nitakuja. Nilisema tu, maana pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la chuma la meneja.

Meneja tulimwita Sir. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Lakini Ijumaa ile mwenye duka, arbab mwenyewe, alikuwa anakuja na wajukuu kuona meza mpya ya treni, na katika wafanyakazi wote ni mimi peke yangu niliyejua kuiunganisha.

"Milango inafunguliwa saa nane, baada ya swala," Sir aliniambia. "Treni mbili ziwe zinakwenda. Zikienda, pasipoti hii hapa, ndege ya jioni. Zisipokwenda, nitamwambia nini arbab? Siwezi kukuachia. Yalla, haraka."

Sasa unajua nilichokuwa nacho. Meza moja, treni mbili, na baba wa kuzika.

Ijumaa saa moja asubuhi Okello, mlinzi wetu kutoka Uganda, alinifungulia mlango wa nyuma na kuufunga tena. Nikaanza. Meza ilikuwa nzuri ajabu! Milima ya povu, stesheni mbili, njia ya kupishana kwenye kila stesheni, na katikati reli moja inayopita ndani ya handaki. Treni nyekundu upande huu, ya kijani upande ule. Nikashika rimoti moja kila mkono, nikabonyeza.

Ziligongana ndani ya handaki.

Nikazitoa, nikaanza upya. Zikagongana. Ukiitazama nyekundu, kijani imeshaingia. Ukiikimbilia kijani, unasikia kishindo ndani ya mlima. Mara kumi na moja! Saa tatu na nusu behewa moja likavunjika kiungo, nikaketi sakafuni kati ya maboksi nikauma kitambaa nisilie kwa sauti.

"Nani kampa huyu njia?"

Niliruka. Upande wa pili wa meza alisimama mwanamume wa miaka arobaini hivi, amevaa kaki, kofia imeshuka usoni. Nilimdhania fundi wa jengo. Kusikia Kiswahili hakukunishangaza, Dubai ile unaweza kusalimiwa Kiswahili hata ndani ya lifti.

"Habari yako, fundi," nikasema.

"Nimeuliza, nani kampa njia? Na huyu wa kijani naye kapewa na nani? Njia ni moja, wewe unaigawa kama peremende! Ndivyo ulivyofundishwa?"

"Sikufundishwa na mtu. Nimefuata karatasi ya kwenye boksi."

"Karatasi!" Akacheka. "Karatasi imewahi kudaka treni? Tafuta tokeni, mama. Na usikae chini, reli haiendeshwi kwa makalio."

Niamini, nilicheka. Tangu Jumatatu sikuwa nimecheka. Nikakimbia kwenye rafu ya michezo, nikafungua seti ya kurusha pete, zile pete tano za plastiki za kutupia kwenye kijiti. Nikachukua ya njano. Yeye akasimama kwenye stesheni ya kijani, rimoti ya kijani nikamwachia mezani, mimi kwenye ya nyekundu. Nikaiingiza treni yangu kwenye handaki nikiwa na pete, ikatoka salama, ikasimama upande wake. Nikamrushia pete. Akaidaka kwa mkono wa kushoto, ameukunja kama ndoano.

Nilimjua? Sitadanganya. Mkono niliujua. Uso sikuthubutu kuutazama.

Kisha kijani ikaja! Ikaingia handaki, ikatoka, ikasimama kwangu, na pete ikaja hewani nikaidaka. Kijani ikaenda. Pete ikaenda. Nyekundu ikaja. Pete ikaja. Lo! Unajua furaha ya kitu kilichokukataa asubuhi nzima kikikubali ghafla? Tuliongeza mwendo. Alikuwa anapiga mluzi mmoja mfupi kila anaponipa njia, nami bila kufikiri nikawa ninajibu kwa miluzi miwili, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa na miaka saba, nimekaa juu ya tuta la reli. Saa nne, saa tano, saa sita. Sikuhisi njaa. Hazikugongana hata mara moja.

Saa saba na nusu Sir aliingia akitokea ofisini, glasi ya chai mkononi. Alisimama, mdomo wazi.

"Mbili! Zote mbili! Na unaziendesha peke yako?"

Peke yangu? Kabla sijajibu aliinama kutazama handaki, akaiweka glasi kando ya stesheni ya kijani. Pale hasa palipokuwa na kiwiko cha yule mtu. Niliiona glasi ikipita ndani ya kiwiko kama inavyopita ndani ya mvuke, ikatua mezani, tik.

"Khalas, yamekwisha," Sir akasema. "Naenda kutoa pasipoti."

Akaondoka. Yule mtu akavua kofia.

Alikuwa Baba. Baba wa nilipokuwa na miaka saba, hana mvi hata moja.

Utaniuliza kama niliogopa. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilifurahi mno! Nilitaka kuizunguka meza nimshike.

"Simama hapo hapo," alisema. "Sasa naondoka mimi. Nipe njia."

Pete ilikuwa mkononi mwangu. Nikaificha nyuma ya mgongo kama mtoto.

"Twende wote, Baba."

"Tokeni moja, treni moja."

"Nitakaa nyuma tu. Sitasema kitu."

"Hii si safari ya kubebana." Hapo sauti yake ikawa ile ya kazini, ile ambayo hata madereva waliitii. "Nikishaingia, hafuati mtu mpaka nifike. Na mimi nikifika sitairudisha haraka. Wewe kaa stesheni yako. Nipe njia, mama. Nimesimama hapa tangu Jumatatu."

Tangu Jumatatu. Nikaelewa alikuwa akimngoja nani.

Nilipiga miluzi miwili. Nikaitupa pete. Akaidaka, ikamteleza mpaka ndani ya kiwiko, akatembea kati ya rafu za wanasesere mpaka mlango wa dharura, ule ambao ukiuegemea tu jengo zima linapiga king'ora. King'ora hakikulia. Na pete, nilikuwa nimetega sikio kabisa, haikuanguka.

Mara Okello akagonga kioo cha mbele, akafungua na kuingia, macho yamemtoka.

"Nyabo, dada yangu, wewe ulikuwa unacheza na nani?"

"Umeona nini?"

"Ile pete! Unatupa, inasimama hewani, inarudi. Na rimoti ya kijani iko mezani hakuna mtu anaigusa, treni inaenda! Nimesema labda ni mchezo mpya wa wazungu. Lakini sasa pete imeenda wapi?"

Tuliitafuta chini ya meza, chini ya rafu, hata ndani ya handaki. Haikuwepo. Saa nane watoto waliingia, nikamfundisha msichana mwenzangu kutumia pete nyingine, wajukuu wa arbab wakapiga kelele za furaha, na jioni nilikuwa ndani ya ndege.

Jumamosi nilifika nyumbani na mfuko wangu wa mkononi tu. Jeneza lilikuwa wazi. Baba alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, jipya. Ndani ya kiwiko cha kushoto palikuwa na mstari wa njano, umepinda kama mwezi mchanga.

"Wewe," Mwakio alininong'oneza, "umemshika na rangi?"

"Sijamgusa."

"Shati nimemvalisha mimi asubuhi. Lilikuwa jeupe pepe!"

Sikumweleza siku ile. Nilitia udongo wangu, kaburi likasawazishwa.

Niliporudi Dubai niliinunua ile seti ya pete, haikuweza kuuzwa tena ikiwa pungufu. Ninayo hapa nyumbani. Pete ziko nne. Kila asubuhi kabla ya chai nazitazama, na zikiwa nne namshukuru Mungu, maana Baba alisema hafuati mtu mpaka tokeni irudi, na Baba hakuwahi kudanganya kuhusu kazi. Tangu alipozikwa hatujafiwa tena katika nyumba yetu. Mama ana miaka tisini na bado anafukuza kuku.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Mzazi wako akiomba njia, mpe, usimng'ang'anie mkono. Na siku yoyote ukikuta mezani kwako pete ya njano ambayo hukuinunua, imewekwa mahali ambapo mkono unaifikia kwa urahisi, iache. Mlio wa mluzi ukija baada yake, usijibu. Aliyeichukua amefika, na huko mbele wanauliza nani anafuata.