Dawa ya Chunusi Haikatwi kwa Makasi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kliniki moja ya Base Camp, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, msimamizi alitazama viatu vyangu kabla ya kutazama cheti. "Mama, hapa ni kusimama mpaka jioni. Hii viatu itakuua." Alikuwa Mganda, mwanajeshi wa zamani, na Kiswahili chake kilitoka kama amri. Mimi nilikuwa muuguzi kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, nikapewa dirisha la dawa. Baadaye nikahamishiwa mjini Mbarara, kwenye kliniki ya ngozi, niwatafsirie wakimbizi wenzangu na kuwafuatilia wakirudi kambini.

Huko ndiko nilikojua kwamba chunusi ni ugonjwa. Ninyi vijana mnacheka, chekeni tu. Ziko zile za kubalehe, zinakuja na kwenda. Na ziko za mafundo, zinavimba chini ya ngozi kama maharage, zinauma na kuacha makovu. Furaha, binti wa kanisa letu, alikuwa nazo uso mzima mpaka mgongoni. Aliacha kwaya kwa kuona haya kusimama mbele ya watu. Alipaka krimu, akameza antibiotiki, wapi.

Daktari wa ngozi, Munyankore mpole, mwenyeji wa hukohuko, alimpima damu kuangalia ini na mafuta, akampima mimba, ndipo akamwandikia vidonge vya isotretinoini. "Sista, mwambie vizuri," alinisisitizia. "Hii dawa iko na nguvu. Mwanamke akimeza na mimba iko ndani, mtoto anaharibika. Hapo hakuna mchezo."

Nikamweleza. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta, mwili uipokee vizuri. Midomo itakauka, apake vaselini. Jua kali alikwepe. Asiongeze vidonge vya vitamini A. Akiona huzuni asiyoielewa, aje upesi. Njia za kuzuia mimba daktari alimweleza faraghani, na kila mwezi angepimwa kabla ya kupewa nyingine. Mama yake akanuna. "Mutoto wangu ni wa kanisa. Munamupima mimba ya nini?"

"Mama Furaha, hata bibi ya pasta akikuja tutamupima." Akacheka, yakaisha.

Mwezi uliofuata Furaha alileta plaketi, ile karatasi ngumu ya vidonge, nikaona kona moja imekatwa kwa makasi. Nilishtuka. Kwetu kambini dawa hugawanywa kama chumvi: jirani akiumwa, unamkatia kipande. Wema hauozi, ndiyo, lakini dawa ya mwenzio si wema.

"Furaha, hii kipande iko wapi?"

"Nilipatia wifi yangu Riziki. Naye alikuwa na bipele mingi."

Riziki alikuwa ameolewa miaka kadhaa bila mtoto. Kanisa zima lilijua, maana kila Jumapili aliombewa.

Nilipanda gari siku ileile kurudi kambini, roho mkononi. Nikamkuta mlangoni anachambua maharage. Vidonge alikuwa amevimaliza. Nikamuuliza siku zake za mwezi. Zilikuwa zimechelewa, akaniambia huku akitabasamu. Nikaketi, nikamweleza dawa ile hufanya nini. Tabasamu likaisha.

Mbarara wakampima: hakuna mimba. Daktari akataka apimwe tena baadaye, na mwezi mzima upite kabla hajatafuta mtoto. Hakumgombeza mtu. "Hawa hawakufanya kwa dharau, sista. Wafundishe." Tangu hapo kila aliyepewa dawa ile nilimuuliza ndugu zake wanawake ni akina nani, na ni yupi atakayemwomba kipande. Furaha naye alimaliza matibabu, ngozi ikatulia.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi yangu. Vijana wa kliniki huja kuniuliza siku ipi kazini ilikuwa ngumu kuliko zote. Nawaambia ni ile ya jibu la pili la Riziki. Lilikuwa lilelile, hakuna mimba. Nilitoka maabara nikimshukuru Mungu kwa sauti, nikamkuta Riziki kwenye benchi, analia.

"Riziki, umepona. Unalia nini?"

"Najua, mama. Ulikuwa unaogopa, na mimi niliogopa." Akajifuta kwa kitenge. "Lakini mutoto nilikuwa nimeisha kumupatia jina."