Aliyemrudisha Eliza kwa Mumewe

Sefania alianza kwa kubeba kabichi za wenzake kichwani. Leo ni dalali anayejulikana soko zima la Lushoto, na kilichompandisha ni ulimi. Kwa ulimi huohuo watu walimtuma kuwarudisha wake waliokimbilia kwao: anafika na mbuzi wa kuombea radhi, anawatania wakwe, jioni mke anarudi kwa mumewe. Hakuwahi kushindwa.

Mwaka jana alimrudisha Eliza, mke aliyekuwa amekimbilia kwa wazazi wake. Mbele ya wazee binti alimwambia Sefania, "Baba, mume wangu ameniambia nikiondoka tena ataniua."

Sefania akacheka. Sokoni, bei ya kwanza nani huiamini? Akadhani na hilo ni la kuanzia tu. "Hasira hizo, mwanangu."

Siku ya kumi na moja baada ya kurudishwa, Eliza alifungasha tena. Mumewe alimuua kwa panga mlangoni, mzigo ukiwa bado mkononi.

Baada ya mazishi Sefania akaanza kuulizia habari za wake wengine waliouawa na waume zao, kama anavyoulizia bei, kijiji hadi kijiji. Akapata habari za wanawake watatu. Wote walitishiwa kwanza, wakasema, wakapuuzwa. Wote waliuawa wakiwa wanaondoka au wameshaondoka.

Juzi ndugu za Valentino, mume mwingine aliyekimbiwa, wakamchukua hadi kijiji cha Bungu, kwa wazazi wa Jenoveva, mke wa Valentino. Mbuzi akafungwa uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dalali. Haya, leo unatuuzia nini?" Watu wakacheka.

Sefania hakucheka. Akamgeukia Jenoveva. "Amekutishia?"

"Amesema ataniua."

"Aa, hasira hizo," akadakia shemeji mmoja.

Sefania akayatambua maneno yake mwenyewe. Angeweza kujiondokea tu, lakini kesho wangeleta mpatanishi mwingine.

"Mimi ndiye niliyemrudisha Eliza," alisema. "Naye alisema hivihivi. Huyu msimrudishe. Wala asilale hapa, mumewe anapajua. Twendeni polisi."

Baba yake Jenoveva alimkazia macho. "Ulimsikia Eliza kwa masikio yako?"

"Nilimsikia."

"Na mbuzi mkamla?"

"Nilikula, mzee."

Mzee akawaamuru shemeji wale wamfungue mbuzi wao waondoke. Akamwambia mkewe amfungashie binti nguo. Wakitoka polisi ataenda kwa shangazi yake. Alipofika mlangoni mzee akamgeukia Sefania.

"Na wewe njoo. Hayo utayarudia kule, yaandikwe."

Sefania akainuka, akawafuata kwa nyuma. Njia nzima hakuna aliyemsemesha.