Majina Niliyoyaruka

Mtafiti alikuwa mwanamke kutoka chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Alikuja kambi ya wakimbizi ya Hagadera miaka ya tisini kuchunguza jambo nililoliona la kupoteza muda: watu wakicheza gemu ya televisheni wasiyoweza kusoma maandishi yake, wanajitungia hadithi gani? Mimi nilitoka Garissa mjini na cheti changu cha kidato cha nne, nikawa mkalimani wake.

Gemu ilikuwa katika kibanda cha mabati sokoni, ikiendeshwa kwa jenereta. Maandishi yalikuwa ya Kijapani. Mtu mdogo wa rangi ya buluu alizunguka ndani ya ngome akitafuta pa kutokea. Tulikaa tumebanana kwenye joto na moshi wa dizeli. Nje kulikuwa na uzio wa miiba, na bila kibali hakuna mkimbizi aliyeruhusiwa kutoka kambini.

Mchezaji mmoja, mwanamume wa makamo aliyewahi kuchunga ngamia, hakuvuka chumba cha kwanza hata siku moja. Alifika mlangoni, akageuka, akarudi alikoanzia.

"Walaal, bado uko hapo?" wenzake walimtania, wakimwita ndugu kwa Kisomali. "Hata ngamia wako walijua kutoka zizini."

"Ngamia wangu hawakuacha mtu nyuma," akajibu, macho kwenye kioo.

Mtafiti akafungua daftari, akaniambia nimuulize huyu mtu wa buluu ni nani.

Yule mwanamume akajibu kama Msomali yeyote aulizwapo yeye ni nani: kwa abtirsi, orodha ya mababu. Alitaja jina lake, la baba, la babu, akapanda taratibu hadi jina la kumi na mbili. Kisha akanieleza kwamba ndugu yake mdogo alikuwa nyuma yake siku waliyokimbia vita, lakini yeye mwenyewe akavuka mpaka bila kugeuka. Alikuwa amesikia kwamba majibu yetu yangesomwa mbele ya wachezaji wa kambi za Pwani.

"Ndugu yangu akiwa huko, atasikia majina haya ajue niko hai. Mwambie asiruke hata moja."

"Anasemaje?" mtafiti akauliza.

"Anasema ni mtu aliyepotea."

"Mbona ameongea sana?"

"Ndivyo tulivyo, madam."

Akaandika mstari mmoja.

Niliona haya. Nilitaka anione msomi, si mtu wa nyikani anayeulizwa habari za gemu akaanza kutaja mababu. Tena ukoo ule haukuwa wetu, na sitajifanya kwamba hilo halikunipitia kichwani.

Mtafiti akaenda Pwani. Mimi nikapata kazi nyingine ya ukalimani palepale kambini, kwa hiyo kila wiki nilikutana na yule mwanamume sokoni.

"Wamejibu?"

"Bado, walaal."

Nilikuwa na anwani ya mtafiti mfukoni. Ningeandika barua ya ukurasa mmoja, lakini ningelazimika kukiri, na kazi ya ukalimani ilikuwa ndiyo riziki yangu. Nikaanza kuzunguka nyuma ya banda la punda ili nisikutane naye.

Siku moja nilimkuta kibandani. Mtu wa buluu alifika mlangoni, akapita. Wenzake wakapiga makofi. Yeye akaweka kidude cha kuchezea chini, akanipita pale nilipokuwa, wala hakuniuliza kitu.

Kati ya majina kumi na mawili, leo nakumbuka matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Hayatoshi kumpata mtu.